Kisu cha Pembe na Shemeji Nastasia

Jumatatu, 10 Julai
Nina miaka themanini na mbili. Nimewazika wake wawili, injini sita za boti na kila daktari aliyenikataza mafuta ya sili, mnyama wa bahari yetu ya baridi. Bado nipo!
Wachimbaji wanatoa vitu vya wazee wetu kwenye matope ya pwani kabla bahari haijavimeza. Binti wa kamera anavipiga picha pande zote, vinaingia kwenye kompyuta. Kila kitu kitawekewa sauti ya mzee akieleza ni nini. Kitukuu wangu yuko mbali, mjini Anchorage, hajawahi kunisikia. Atanisikia!
Leo kimetoka kisu cha pembe ya walarasi, yule mnyama wa baharini mkubwa kuliko sili, kimepinda. Nikasema papo hapo: cha kuchinjia sili. Nastasia, mdogo wa marehemu mke wangu wa pili, akauliza eti, shemeji, sili wako ulikuwa unawaua kwa kuwakuna?

Jumanne, 11 Julai
Kurekodi ni kesho. Nimemwambia Nastasia ni keshokutwa, tena matunda yameiva kule juu mtoni. Alfajiri anaondoka na ndoo. Akili hizi!

Jumatano, 12 Julai
Binti kanipa nakala ya kisu, ya plastiki, nionyeshe kazi yake. Sili hakuna, nikachukua samaki, samoni. Nikakata. Nikakata tena. Samoni akateleza mpaka kwenye buti la binti. Nikasema plastiki ndiyo butu. Akasema hata cha pembe ni butu, babu, hakijawahi kunolewa.
Mara Nastasia huyo, ndoo tupu. Matunda mabichi! Akaninyang'anya kisu, akapiga magoti kwenye matope, akatema mate, akalainisha, akachora nyumba, bibi na mjukuu, huku anahadithia. Watoto wakaja mbio. Kisu cha wasichana, akasema, cha kuchorea hadithi. Enzi zetu, akasema, mvulana akisogea alirushiwa matope. Na shemeji huyu alirushiwa mengi.
Sauti yake ndiyo imeingia. Nilimsikiliza mpaka mwisho, ili nimkosoe.

Alhamisi, 13 Julai
Binti kanihurumia. Kanipa kitu kingine: mpini wa mti, mfupi, unajaa kiganjani. Sikusita. Mpini wa shoka la vita, nikasema, siri niliyoachiwa na babu yangu. Imerekodiwa yote! Kitukuu atajivuna.
Jioni nimekula kwa Nastasia. Alikuwa anakata samoni kwa kisu chake cha kike, kile cha nusu mwezi. Mpini wa mti, mfupi, unajaa kiganjani. Nikamuuliza mpini wa shoka la vita kaupata wapi. Kacheka mpaka kakaa chini.
Anayebisha niliyoandika amuulize yeye, akimaliza kucheka.