Historia Rasmi ya Kwaya ya Wastaafu wa Kingi

Siku ya Jumatatu, saa tano asubuhi, Papa Zéphyrin, Mkuu wa Ofisi ya Wastaafu na Shughuli Zao, alisimama kwenye mlango wa ofisi yake na kutangaza kwamba kuanzia dakika hiyo Kwaya ya Wastaafu wa Kingi haitaimba tena mpaka iwe na historia.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Wakubwa wa Goma walikuwa wamemtumia fomu ya vikundi vyote vya wastaafu, nayo ilidai mambo matatu: tarehe ya kuanza, jina la mwanzilishi na mazingira ya kuanzishwa. Papa Zéphyrin alipekua kabati mpaka akatoka jasho. Kwaya haikuwemo. Watu thelathini na wanne walikuwa wameimba miaka kumi na minane, arusini na kwenye vilio vya misiba, bila karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba walianza.

"Kiutawala, hawa watu hawajaanza," alimweleza katibu wake, Mama Solange. "Sasa wanaendelea na nini?"

Mama Solange aliendelea kupanga barua.

Kingi ilikuwa imejaa wastaafu. Walimu na wauguzi waliomaliza kazi Masisi, na wengine waliotoka kule msituni Mubi na Itebero, walipanda kilimani wakalime maharagwe yao kwa utulivu. Kiongozi wa kwaya yao alikuwa Mama Emérita, mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa Kingi walikuwa wamezaliwa mikononi mwake. Papa Zéphyrin hakuwa mmoja wao, na kila alipobishana naye alimshukuru Mungu kwa hilo.

Mama Emérita alifika ofisini siku hiyohiyo.

"Papa chef, Jumamosi Muzee Sebahire na Mama Muhawenimana wanatimiza miaka makumi tano ya ndoa. Siku ya arusi yao mvua ilikata barabara, kwaya ya kanisa haikufika. Muzee iko anajifunza wimbo wa kumuimbia uyo bibi yake tangu Pasaka. Unataka nimwambie nini?"

"Mama, mimi sikatazi. Mimi nasubirisha. Nipe historia, muimbe."

"Historia yetu iko fupi. Andika."

Papa Zéphyrin alichukua kalamu.

"Ulikuwa unatuita tukuje kuchukua karatasi ya kuonyesha kama tungali wazima," alisema Mama Emérita. "Ofisi inafunguliwa saa mbili. Weye unafika saa tano, siku ingine saa sita. Siye wazee tuko mu mustari, baridi inatuuma. Siku moja Muzee Sebahire akaanza wimbo, tukaitikia. Kisha ukachelewa zaidi, tukatia sauti ya pili. Ile mwaka ulienda mission ya kazi wiki mbili bila kuaga muntu, njo tulijua sauti ya tatu na ya ine."

Kalamu ilikuwa imesimama kwenye sauti ya pili. Papa Zéphyrin aliona kwamba historia hiyo, ijapokuwa nzuri, ina upungufu wa kiutawala. Kisha akainama na kuandika kwa mwandiko wa kupendeza:

"Kwaya ilianzishwa na Papa Zéphyrin mwenyewe, ambaye kwa hekima na kwa makusudi aliwakusanya wastaafu mahali pamoja na kuwapa muda wa kutosha."

"Kuna uwongo hapo?" aliuliza.

Mama Emérita alisoma mara mbili. Alimfikiria Sebahire, aliyekuwa akijifunza wimbo nyuma ya jiko akidhani mke wake hasikii.

"Muda ulitupa," alisema. "Siwezi kukataa. Nasaini wapi?"

Historia ikapigwa kacheti, muhuri wa ofisi, ikaenda Goma. Jumamosi kwaya ikaimba. Muzee Sebahire alisahau ubeti wa pili, akabaki ameshika kofia, mdomo wazi. Mama Muhawenimana, bila kuinuka kitini, akamsukumia maneno, maana aliyajua yote tangu Pasaka. Wakamaliza pamoja. Watu wazima walilia. Papa Zéphyrin, aliyekaa mbele kama mwanzilishi, alisimama na kupunga mkono kila makofi yalipopigwa.

Wiki tatu baadaye barua ikaja kutoka Goma. Mama Solange aliisoma kwa sauti, polepole, kama kazi yake ilivyomtaka.

"Kwa kuwa kanuni haimruhusu mtu asiyestaafu kuwa mwanachama wa kikundi cha wastaafu, na kwa kuwa mwanzilishi ndiye mwanachama wa kwanza, imebainika kwamba Papa Zéphyrin alistaafu miaka kumi na minane iliyopita. Uongozi unamshukuru kwa kuendelea kufika kazini bila kulazimishwa. Funguo zikabidhiwe Mama Solange."

Papa Zéphyrin aliomba asomewe tena. Mara ya pili ilikuwa sawa na ya kwanza.

Alimkuta Mama Emérita uani kwake, anachambua maharagwe.

"Mama, waandikie Goma. Sema si mimi niliyeanzisha."

"Papa, nilisaini. Na kacheti iko yako."

"Basi sema ukweli tu. Ule uliosema siku ile."

"Iyo naweza." Aliweka ungo chini. "Lete karatasi. Nitaandika saa zote ulikuwa unafika, moja-moja, nazikumbuka. Na ile wiki mbili. Weye utasaini chini kama ni kweli."

Papa Zéphyrin alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alipima jambo hilo kiutawala. Anayechelewa hufuatwa na wachunguzi. Anayestaafu huandikiwa shukrani. Aliokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa pembeni.

"Mazoezi ni saa ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Saa tisa, kanisani. Na siye hatungojee muntu."

Saa nane na nusu Papa Zéphyrin alikuwa mlangoni mwa kanisa, koti limefungwa vifungo vyote, upepo wa kilimani unampiga masikio. Mlango ulikuwa umefungwa. Mama Emérita, mwenye ufunguo, alimwona tangu mbali. Hakuongeza mwendo.