Ukuta wa Chumba Chetu

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Mume wangu (nikiliandika neno hili moyo unaruka) amenipikia chai kwa gesi ya samadi. Samadi ya ng'ombe wetu wenyewe! Nyumba yetu inajengwa katikati ya ranchi, matofali ya udongo wa papa hapa, bila hata mfuko mmoja wa saruji. Anasema mchana itakuwa na ubaridi na usiku na joto. Kama kifua chako, nikamwambia. Akaona haya. Nampenda!

Kisha akaja fundi. Nilitarajia mzee mwenye kikohozi. Ni dada mrefu, anaimba akifanya kazi. Aligonga tofali kwa kidole, akasema limeiva. Mume wangu akamtazama kama alivyonitazama mimi siku ya posa.

Sina wivu. Nina macho tu.

Jumanne, 4
"Fundi anasema" mara thelathini na moja kabla ya chakula cha mchana. Fundi anasema dirisha lielekee upepo. Fundi anasema maji ya kuogea yakanyweshe majani ya ndama. Nikamwambia mke naye anasema chakula kinapoa. Akauliza chakula gani.

Kubwa zaidi: anataka ukuta wa chumba chetu cha kulala ukandikwe na fundi. Ukuta tutakaouamkia mpaka uzeeni! Nikasema nitaukandika mimi. Akanijibu kwa upole kwamba nitachoka. Upole huo ndio ulioniuma.

Jumatano, 5
Nimejibanza nyuma ya tanki la maji ya mvua. Siri nimeiona! Fundi anakanyaga udongo na samadi na majani makavu, halafu anaingia stoo, anatoka na unga mweupe. Ndoo mbili. Kumbe ndiyo maana kuta zake zinang'aa!

Alipoondoka nikaingia. Gunia la unga mweupe, mlangoni kabisa. Sikuuliza. Aulizaye ni mwanafunzi. Mimi ni mwenye nyumba.

Alhamisi, 6
Wameenda kuchimba udongo upande wa pili wa ranchi. Kwa trekta. Lenye kiti kimoja!

Nikakandika peke yangu. Fundi huweka ndoo mbili. Mimi nimeweka nne, mapenzi hayapimwi. Chini ya dirisha nimechora moyo. Jioni mume wangu aliubusu mkono wangu na matope yake. Fundi akasema nina mkono mwepesi. Kijicho hicho.

Ijumaa, 7
Kibandani, tunakolala nyumba ikijengwa, tumeamshwa na sauti ya kulamba. Ng'ombe saba chumbani mwetu! Mlango bado haujawekwa, wakaingia kama walioalikwa. Ukuta umelambwa mpaka matofali yanaonekana. Moyo wangu ulikwenda wa kwanza.

Mume wangu akaonja ukuta kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi," akasema.

Gunia la mlangoni ni chumvi ya mifugo. Chokaa iko nyuma yake. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Fundi hakucheka. Alinishika bega.

"Wifi, si ungeniuliza tu?"

Wifi! Basi mume wangu ni kaka yake. Harusini hakuwapo, alikuwa akijenga mbali, na mume wangu alidhani nimeshajua. Nimelia kwa aibu, kisha kwa furaha.

Jumamosi, 8
Nimeukandika upya na wifi yangu. Chokaa, ndoo mbili. Ananifundisha kwa subira, tumeimba pamoja. Wivu nimeuzika ndani ya ukuta ule. Nimejifunza!

Ila yule ng'ombe mkubwa, kipenzi cha mume wangu, alilamba kupita wenzake na sasa hainuki. Ameitwa daktari wa mifugo. Nilitarajia mzee mwenye miwani. Ni dada mfupi, buti nyekundu, vishimo mashavuni. Aliweka sikio ubavuni mwa ng'ombe, na mume wangu akabana pumzi.

Daktari anasema apewe maji kidogo kidogo. Daktari anasema atarudi Jumatatu. Nimeshasikia mara tisa.

Sina wivu. Lakini nilimwona akichanganya dawa. Chupa ya kahawia, vifuniko viwili. Ameiacha stoo.

Mlangoni kabisa.