Damu ya Jentrix na Kibuyu cha Mursik

Jumatatu, 4 Agosti. Sosiot.
Jumamosi ni mbio za vijana. Mshindi ataiwakilisha kaunti, na ni lazima awe mjukuu wangu Chepngeno. Kibuyu nimekisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet. Mursik, maziwa yetu ya mgando ya kumpokelea mshindi, imo ndani, inaganda. Kikwazo ni kimoja: Jentrix, binti wa jirani yangu Obonyo, karani mstaafu wa kiwanda cha chai. Miguu yake ni mirefu bila sababu yoyote.

Jumanne, 5 Agosti.
Nimeshtuka! Daktari Nyakerario, mtafiti wa chuo kikuu, yuko zahanati. Huwatoa vijana damu, huwakimbiza mlimani kwa nguvu zao zote, kisha huwatoa tena. Ametuambia wazazi kwamba baada ya mbio kali damu huganda upesi zaidi. Huganda! Kumbe watoto hawa ni vibuyu! Alikuwa na la kuongeza, lakini sikungoja. Nilikuwa nimekwisha kumfikiria Obonyo.

Jumatano, 6 Agosti.
Nilimkuta Obonyo kwenye foleni ya kupimia majani ya chai. Nikamweleza, kwa huzuni ya kutosha, kwamba Jentrix akikimbia sana damu yake itakuwa mursik. Alivua kofia. "Mwalimu, umenifaa sana," akasema. Masikini! Nilikula chakula cha jioni mara mbili.

Alhamisi, 7 Agosti.
Balaa! Chepngeno amekataa kukimbia. Wanawake wa kwenye foleni walisikia kila neno, na habari ikafika nyumbani kabla yangu. "Babu, mimi si kibuyu," akasema, akajifunika blanketi. Nikamwambia damu ya ukoo wetu ni tofauti. Akauliza, tofauti vipi? Nikaenda kukagua kibuyu.

Ijumaa, 8 Agosti.
Nilimpeleka kwa daktari. Akacheka! Ni kweli, akasema, damu huganda upesi zaidi baada ya mbio kali, lakini wakati huo huo mwili huongeza nguvu ya kuyeyusha mabonge. Kwa kijana mwenye afya mambo hayo mawili husawazishana, na akipumzika, damu hurudi ilivyokuwa. Eti Obonyo alikwenda kumuuliza Jumatano ile ile, akasikiliza mpaka mwisho. Mpaka mwisho! Mtu wa namna gani hufanya hivyo?

Jumamosi, 9 Agosti.
Aibu! Chepngeno alikimbia vizuri, ila kila kona alisimama kujipapasa mishipa ya shingo. Jentrix akashinda. Uwanjani mursik ilikuwa moja tu, yangu. Wazee wakaniagiza nimnyweshe mshindi kwa mkono wangu mwenyewe. Obonyo naye akapokea kikombe, akaonja, akatangaza mbele ya watu wote: "Mwalimu, hii haijakimbia vya kutosha!"

Jumapili, 10 Agosti.
Baada ya ibada, daktari aliwaambia wazazi kwamba kijana anayefanya mazoezi makali huhitaji usingizi mwingi, kwa sababu akiwa usingizini mwili wake hu—
Niliondoka mbio. Obonyo alikuwa bado hajatoka kanisani, na nilitaka nimwahi langoni.