Bonde la Kizingitini

Jumatatu, 3 Machi
Kimenuka! Tangazo limebandikwa kwenye lango la hekalu la Kihindu. Alhamisi anakuja mkaguzi wa majengo ya kale. Asipopata ushahidi kwamba hekalu ni la zamani, litabomolewa, pajengwe maegesho ya magari. Na karatasi zote za hekalu zililiwa na mchwa! Mimi ni fundi viatu. Miaka ishirini na saba nakaa hapo langoni. Waumini wanavua viatu, mimi naziona soli zilizochoka kabla ya wenyewe. Kwenye maegesho nani atavua kiatu?
Muuza maua, jirani yangu, ameshakusanya saini mia nne. Anatembea kama yeye ndiye nguzo ya jengo. Nimetia saini ya mia nne na moja. Imeniuma.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata wazo! Kizingiti cha jiwe pale mlangoni kimeliwa katikati, kimekuwa bonde kama bakuli. Aibu tupu. Mkaguzi akikiona atasema jengo limechakaa. Nimemwambia kuhani nikijaze saruji. Kuhani, mzee mpole, amesema nikiache kama kilivyo. Nimemjibu sawa, mzee wangu. Mchana alipojinyoosha, nimejaza. Kazi safi! Mke wangu ameniuliza tangu lini natia soli za saruji.

Jumatano, 5 Machi
Saruji imepasuka. Muuza maua amecheka hadi akashika mbavu. Nimefunika kwa zulia la plastiki la kijani. Sasa panapendeza kuliko mwanzo.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya leo, Mungu wangu!
Mkaguzi ni mama wa makamo, hana mzaha. Akavua viatu, akalivuka zulia kwa hatua moja, akaingia. Ndani akaona rangi mpya, feni, vigae vya juzi. Nilimsikia akimwambia kuhani kwamba haoni cha kale, na kwamba anasikitika. Nikaona nimlainishe. Visigino vya viatu vyake vimekwisha, nimbandikie vipya, bure. Haraka haraka haina baraka. Gundi ikamwagika, viatu vikanasa mezani. Vyote viwili!
Akatoka kwa mlango wa pembeni, akavitaka. Nikamwomba subira kidogo tu, mama. Jua kali, sakafu ya ua inaunguza, naye yuko peku. Akarukia zulia, kwenye kivuli cha mlango. Zulia likateleza, saruji ikavunjika kama ukoko, mguu wake ukazama bondeni.
Alisimama kwanza, kisha akapiga magoti akalipapasa jiwe. Akauliza ni punda gani aliyetia saruji. Nikasema simjui. Muuza maua akanitazama, akanyamaza. Wema huo sikuutegemea. Mkaguzi akapima kina, vidole vinne. Akasema jiwe gumu namna hii, nyayo tupu hazilili hivyo ila kwa vizazi na vizazi. Kumbe ushahidi ndio huo! Ameondoka na ndala za mke wangu.

Jumatatu, 10 Machi
Barua imefika. Hekalu limeingizwa kwenye orodha ya majengo ya kale, halibomolewi! Nimelia mbele za watu bila haya. Muuza maua amenivisha shada shingoni. Kuhani ameweka mguu wake bondeni, akauacha hapo muda mrefu. Wiki nzima chakula kilikuwa hakishuki. Leo nimekula sahani mbili.

Jumanne, 11 Machi
Nimeisoma barua tena. Inasema kizingiti kibaki kama kilivyo, mtu yeyote asikiguse. Sawa kabisa. Bila gundi yangu kisingeonekana, hizo saini mia nne zikae kando. Ila asubuhi mvua imenyesha, bonde limejaa maji, waumini wanachovya miguu humo. Jengo la heshima kama hili! Na kosa langu la wiki jana nimeligundua: mchanga ulizidi. Saruji imebaki nusu mfuko. Kuhani hulala saa nane mchana.