Theluji ya Mama Mkwe

Alhamisi, 15 Januari

Baridi ya kukata masikio. Mbingu za kijivu. Dalili nzuri! Nimechungulia dirishani kabla hata ya kuosha uso. Hakuna kitu. Kidimbwi cha maji na mfuko wa taka wa jirani.

Mama mkwe anarudi Kenya Jumapili jioni. Alikuja Novemba, na tangu hapo mtaa wetu huu wa Rayners Lane, London, umempa mvua, mvua na mvua tena. Theluji, hata punje! Na mimi ndiye niliyemwahidi. Miaka yote nimekuwa nikimtumia picha nimesimama kwenye theluji hadi magotini, natabasamu kama vile niliiumba mwenyewe. Naye akawaahidi akina mama wa kanisa lake kule Kimilili kwamba atawaletea habari kamili. Leo amemtuma Lydia, mke wangu, aniulize: hiyo theluji ni ya kweli au ni ya kwenye simu tu? Akirudi bila kuiona atawaambia nini watu? Kwamba bintiye ameolewa na mwongo?

Nimemwambia Lydia ampelekee jibu: awe na subira, Mungu si Athumani.

Hatuongei ana kwa ana, mimi na mama. Kwetu Wabukusu mama mkwe ni moto. Humpi mkono, huli naye meza moja, na hawezi kulala chini ya paa lako. Sasa hapa London utampeleka wapi mama wa watu? Ndiyo maana namshukuru Mungu kwa ajili ya Pradip na Pushpa, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Pradip alizaliwa Webuye, kule kule kwetu, baba yake akiuza vitambaa. Nilipowaeleza shida yangu hawakuuliza maswali. Pushpa alipanda ngazi kutandika kitanda cha wageni. Watu wa ajabu. Mungu awabariki.

Pradip abarikiwe kwa kiasi. Kwanza, Kibukusu chake kinashinda changu. Anakaa jikoni na mama mkwe wangu wakinywa chai na kucheka, mimi nimesimama nje mlangoni kama mtu aliyeleta gesi. Pili, ni shabiki wa Wanderers, na mimi ni Rovers damu. Jumamosi timu hizi mbili zinakutana hapa hapa, uwanja wa mtaa. Tatu, anasema goti lake limekataa, wikendi hii hakuna theluji. Goti! Mimi nina tabiri tano kwenye simu. Mmoja unasema theluji itaanguka Jumapili. Nimeuamini huo. Hizo nyingine nimezifuta.

Ijumaa, 16 Januari

Utabiri umenisaliti. Asubuhi ulikuwa na theluji, saa sita una mvua nyepesi. Nimeuzima na kuuwasha tena. Mvua nyepesi.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Nikiwa kazini, nasambaza samaki, nimepita nyuma ya ukumbi mmoja wa kuteleza kwenye barafu. Nini kile? Theluji! Rundo zima, refu kuliko mimi! Kumbe ile mashine yao inakwangua barafu ndani, halafu wanaimwaga nje kama takataka. Nimemuuliza mlinzi kama naweza kuchukua kidogo, ni ya mama mkwe. Amenitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha akanipa koleo.

Na gari langu la kazi ni friza kwa magurudumu! Wallahi, mambo yakipangwa hupangika. Nimempigia tajiri wangu, Bwana Harith wa Lamu, nikamwambia wikendi hii nitakaa na gari nilioshe vizuri. Ameniombea dua ndefu. Nimeitikia amina kwa moyo wote.

Mpango ni huu. Alfajiri naruka ua wa Pradip, natandaza. Mama anafungua pazia. Anaona. Anamwamini mkwewe. Goti la Pradip linaaibika mbele ya mashahidi. Lydia ameniuliza kwa nini naimba. Nimemwambia mwanamume lazima awe na siri zake.

Jumamosi, 17 Januari. Asubuhi

Nimetandaza kuanzia kwenye ua mpaka mlango wa jikoni. Ndoo baada ya ndoo. Ikapendeza! Nilisimama nikaitazama, machozi yakanilengalenga. Nikajificha nyuma ya pipa kungoja pazia lifunguke.

Akaja mbweha. Nikasema karibu, mgeni njoo. Akainama, akaanza kulamba. Akaja wa pili. Halafu ukoo mzima, na paka wa mtaa nyuma yao. Ndipo pua yangu ikaamka. Samaki! Gari lilikuwa limebeba samaki wiki nzima, na lile neno la kuliosha nilimwambia Harith tu. Theluji yote inanuka soko. Magamba yanametameta mpaka kizingitini kwa Pushpa.

Na nyumba ile ni ya watu wasiokula chenye damu. Hata yai haliingii! Pushpa alifungua mlango aombe sala yake ya asubuhi, akakutana na mbweha kinywani mwake mna kichwa cha kambare. Sijui kichwa kilitoka wapi. Mayowe yale yalisikika mpaka stesheni.

Mama mkwe akatokea dirisha la juu. Lydia amenisimulia baadaye. Alimuuliza Pradip kama theluji ya London hunuka omena siku zote, na wale mbwa wekundu ni wa nani. Pradip alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mama akatuma ujumbe: mwambieni mkwe wangu hii hata sokoni Kimilili ipo, wala haitaki viza.

Nimepiga magoti nikausugua uwanja wa Pushpa kwa maji moto na sabuni. Alinikaripia mwanzo hadi mwisho. Kisha akaniletea chai ya tangawizi, akaniuliza kama sukari imetosha. Ee Mungu, mtunze mwanamke huyu.

Jumamosi, 17 Januari. Jioni

Sijui nianzie wapi. Nitaandika tu.

Mchana sote tulienda uwanjani. Mama naye! Pradip amempa kofia, skafu na lile koti lake kubwa la manjano la Wanderers, asife kwa baridi. Yeye mwenyewe akavaa koti jeusi la kwendea kazini. Hilo la kubadili makoti mimi sikuliona. Laiti ningaliliona!

Mama amekuwa shabiki, tena wa upande ule. Nilimsikia kutoka mbali akimwambia mshambuliaji wa Wanderers, kwa Kiswahili, aache kutembea kama anakwenda kuchota maji. Mimi nilikaa goli la pili, kwa heshima. Sauti yake ikisogea huku, mimi, macho chini, nasogea kule. Mwamuzi wa pembeni aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Wanderers wakatangulia kwa bao moja. Nikavumilia. Dakika za mwisho kabisa, Rovers wakasawazisha! Goooli! Akili ikaniruka. Nikaona koti la manjano karibu na kibanda cha chai, limenipa mgongo. Nikasema leo ndiyo leo, Pradip. Nikatimua mbio. Nikalikumbatia koti kutoka nyuma, nikaliinua juu, nikalizungusha, nikalipigia kelele sikioni: goti lako linasemaje sasa?

Koti likapiga yowe. La kike.

Nikainua macho. Pradip amesimama mbele yangu na vikombe viwili vya chai, koti jeusi, mdomo wazi. Nikamteremsha mama taratibu, kama mtu anayerudisha yai kiotani. Aliondoka. Na bao lenyewe likakataliwa, eti mtu aliotea! Nimemkumbatia mama mkwe bure!

Lydia amerudi kutoka kwa Pushpa, macho mekundu. Mama amejifungia chumbani. Chakula hagusi. Amesema ataondoka kesho bila kuniaga, na theluji hataki tena kuisikia. Nimekaa kwenye ngazi, sina hata nguvu ya kufungua simu kutazama utabiri. Tumempigia baba yake mdogo Lydia, Kimilili. Mzee aliomba tusimulie tena, polepole. Akasema amesikia habari za wakwe waliogusana kwa bahati mbaya mlangoni. Wa kunyanyuliwa na kuzungushwa hajawahi. Kisha akatoa hukumu: blanketi jipya. Nisimpe mkononi. Nilitandike nje, nigeuke, nisitazame nyuma. Akilichukua, yamekwisha. Akiliacha, tutakutana mbele ya wazee.

Jumapili, 18 Januari

Kanisani sikwenda. Mungu anajua kwa nini.

Duka la Bharti, karibu na stesheni, lilikuwa na blanketi moja tu nene: la waridi, lina picha ya chui amefungua mdomo. Nimelichukua. Mkosaji hachagui rangi.

Nikalitandaza kwenye nyasi za Pradip. Nikageuka, uso kwenye ua. Pushpa akaenda kumwita mama. Mlango haufunguki. Ndipo nikaanza kuongea na mbao za ua, kwa sauti, ili anayesikia dirishani asikie. Nikaziambia mbao kwamba nimekosa. Nikaziambia kwamba nilipoenda kuposa nilikuwa na viatu pea moja na maneno mengi, na kuna mama mmoja aliyesema kijana huyu aachiwe, atajifunza. Kwamba kila siku nikimwona Lydia anavaa sare yake ya uuguzi namshukuru mama huyo, na sijawahi kumwambia kwa sababu mila hainiruhusu kumkaribia. Kwamba nilitaka aione theluji kwa kuwa ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyovikuta nchi hii, na nilitaka awe nacho kabla hajaenda. Nikaishiwa. Pua ikawa inachuruzika.

Kitu kikaniangukia puani. Nikadhani ndege kanifanyia vituko. Kikaanguka kingine. Baridi. Laini. Cheupe!

Nikataka kugeuka. Mzee alisema nisitazame nyuma!

Mlango ukafunguka. Nyayo. Zikasimama. Halafu nikasikia mtu akisema "Ooh" kwa sauti ndogo, kama mtoto. Kisha vigelegele! Vigelegele vya harusi, Rayners Lane, mchana kweupe! Pushpa anacheka. Pradip analilaani goti lake kwa Kibukusu. Lydia analia, anasema mama, fungua mdomo, ionje. Ikawa inaanguka kwa wingi, mapande mapande. Na mimi? Mimi natazama ua! Tangu Novemba nangoja kuuona uso wa mama huyu siku ya theluji, na ninachokiona ni mbao na msumari mmoja wenye kutu. Nimelia. Siwezi kuficha. Nimelia kwa furaha.

Ilianguka mpaka nyasi zikafunikwa, na mimi bado nimesimama pale. Mara, pa! Bonge la theluji nyuma ya kichwa. Nikauliza, bila kugeuka, nani huyo. Kicheko tu. Lydia akaja akaninong'oneza: ni mama. Pradip akajitangaza mwamuzi, akakata shauri kwamba theluji si mkono, mila haijavunjwa. Likaja la pili. Shabaha yake nzuri kuliko ya mshambuliaji yeyote wa Rovers.

Na blanketi alilichukua. Alijifunika nalo, chui mgongoni.

Jioni Pradip alimpeleka uwanja wa ndege kwa gari lake. Mimi nikafuata nyuma na mizigo, kwenye gari la samaki. Pale mlangoni mama akasimama mbali, akaigeukia nguzo. Akaiambia nguzo, na mimi nikisikia: nguzo, kuna mtu mmoja mwambie asante. Amenipa theluji mara mbili. Ya pili ilikuwa nzuri. Lakini ya kwanza ndiyo nitakayowasimulia watu mpaka nife.

Nimerudi nyumbani polepole. Barabara nyeupe. Sijui nimemfanyia Mungu nini.

Jumanne, 20 Januari

Amefika salama! Lydia ameniwekea simu kwa sauti nisikie. Akina mama wa kanisa walijaa uani. Amewaambia mkwe wake ni mtu wa neno lake. Masanduku yake yananuka samaki, kwa hiyo sasa Kimilili yote inaamini theluji hunuka samaki. Nimeona nisiwasahihishe, habari imeshakaa vizuri.

Sifa zimesambaa. Mdogo wake mama mkwe naye anataka kuja, mwezi wa Juni. Pushpa amesema chumba kipo. Mungu ambariki, ametoa sharti moja tu, kwamba nisiingie uani kwake na kitu chochote kwenye ndoo. Nimekubali bila kinyongo. Nimejifunza mengi wikendi hii. Unyenyekevu. Subira. Kutoahidi nisichokuwa nacho.

Mgeni ametuma salamu, akauliza Juni kuna nini cha kuona, maana theluji ameshaambiwa. Nimemjibu mara moja kwamba Juni, London, jua halizami kabisa. Usiku kucha ni mchana. Lydia aliposikia ameweka mikono kichwani, akaniuliza nitafanyaje.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Uwanja wa mtaa una taa kubwa sana, nne, na moja inaelekea moja kwa moja dirisha la Pushpa. Nimeshaanza kuulizia nani anashika funguo.