Waraka wa Ndoo Sanifu

"Mama Sia, kuchora si fani. Kuchora ni tabia, kama kung'ata kucha," alisema Mwenyekiti.

"Basi andika hivyohivyo kwenye fomu, uweke na sahihi," nikamjibu. "Chuo kinauliza kama kanda yetu inaihitaji fani ya Sanaa na Usanifu. Habari za kucha hakijauliza."

Hapo tulikuwa dakika ya arobaini ya kikao cha Jumanne, na mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari, kwa hiyo ugomvi huu nilikuwa nauzua na kuunakili kwa wakati mmoja.

Kwa faida ya wasiofahamu, natangaza rasmi kwamba Newala ndiyo makao makuu ya Kamati ya Uratibu wa Mahitaji Muhimu, chombo kinachojua watu wanahitaji nini kabla wenyewe hawajajua. Kina wajumbe watano, viti sita na muhuri mmoja. Kiti cha sita ni cha koti la Mwenyekiti, Bwana Fortunatus. Muhuri unatunzwa na mimi, Bertila, katibu, mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu.

Binti yangu Sia alikuwa amepata nafasi chuo kikuu, kusomea Sanaa na Usanifu, miaka mitatu. Ilibaki fomu moja tu: ukurasa ambao kamati yetu inathibitisha kwamba fani hiyo inahitajika. Ilitakiwa ipakiwe kwenye mfumo wa chuo kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Ikichelewa, nafasi anapewa mwingine.

"Orodha ya mahitaji ina vipengele thelathini na kimoja," alisema Mwenyekiti. "Udaktari upo. Uhasibu upo. Hata ufugaji wa sungura upo. Sanaa haipo."

"Nani aliandika orodha?"

"Kamati."

"Kamati ni nani?"

"Ni sisi," akajibu, bila kuona tabu yoyote.

Sitadanganya. Mimi mwenyewe nilitaka mtoto asomee uuguzi, apangiwe hospitali ya Mkomaindo, apate na kiwanja Masasi. Kilichonibadilisha ni ndoo.

Pale kwenye kioski chetu maji hutoka Jumanne na Ijumaa, yakijisikia. Sisi hatupangi foleni. Ndoo ndizo zinazopanga. Unaiweka yako alfajiri, unakwenda zako sokoni au kwenye mikorosho, wenzako wanaisogeza mpaka zamu yake ifike. Utaratibu mzuri sana, ila ndoo zinafanana. Kuandika majina hakukusaidia, maana akina Swaumu peke yao mtaani kwetu ni wanane. Watu walishikana mashati kila wiki, mpaka Sia alipochukua brashi na kuipa kila ndoo mchoro wake. Bi Swaumu, mlinzi wa bomba, alichorewa kuku asiye na mkia. Mwalimu Alfredi alipata miwani. Ndoo ya Mwenyekiti ilichorwa mjusi aliyevaa tai. Mkewe ndiye aliyeagiza, akasisitiza wafanane.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeshikwa shati. Nikaona kumbe huyu mtoto hachezi, anafanya kazi.

Tatizo ni kwamba Mwenyekiti, akipita na gari, alikuwa anasikia pale kioski: "Hebu sogezeni mjusi." "Mjusi kajaa, njooni mumbebe." Hilo likazaa ajenda ya pili ya kikao, Waraka Namba Nne wa Ndoo Sanifu. Kifungu cha kwanza: ndoo zote ziwe nyeupe, bila mchoro. Kifungu cha pili: mchoro wowote kwenye ndoo utawekwa na mtaalamu mwenye shahada ya Sanaa na Usanifu, na si mtu mwingine.

"Mwenyekiti," nikauliza, "hiyo fani si tumesema haihitajiki?"

"Ndiyo maana mtaalamu hatuna, na ndiyo maana michoro haitakuwepo. Kila kitu kimekaa mahali pake. Chapa."

Nikachapa. Sikuajiriwa ili nishangae.

Fomu ya Sia ikarudi kwenye faili bila sahihi, na waraka ukabandikwa sokoni. Alhamisi mtaa mzima ulinuka tina ya kuondolea rangi. Watu walisugua kuku, miwani, mapapai na baiskeli mpaka ndoo zikawa nyeupe kama mayai. Sia alisugua ya kwetu mwenyewe, nyuma ya nyumba, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Usilie," nikamwambia.

"Silii, mama. Ni tina."

Nikachukua fomu yake, nikaiweka kwenye mkoba pamoja na muhuri na kidau cha wino. Kwa nini, sijui. Mtu mwenye stashahada ya kumbukumbu habebi vitu bila sababu, hata kama sababu haijafika.

Ijumaa ikafika. Saa nane mchana alikuwa anakuja mgeni kutoka mkoani kutazama mafanikio ya ndoo sanifu. Mke wa Mwenyekiti alikuwa Lupaso kwenye korosho za baba yake, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu apate cheo, Mwenyekiti alipeleka ndoo mwenyewe. Aliiweka ya tatu, alfajiri, akaenda kunyoosha suti. Kuoga alipanga akirudi na maji.

Saa nne maji yalitoka. Saa nne na dakika tano Bi Swaumu aliyafunga. Mbele yake zilikuwepo ndoo mia mbili na kumi na mbili, nyeupe, zinazofanana kama punje za mchele, na watu kumi na mmoja, kila mmoja akidai ndoo ya kwanza ni yake.

Mwenyekiti alifika kwa kandambili, taulo begani, akainamia ndoo ya tatu.

"Iache hiyo," alisema Bi Swaumu.

"Ni yangu."

"Kila mtu anasema ni yake. Una ushahidi gani?"

"Bi Swaumu, mimi ni Mwenyekiti."

"Naona, baba. Lakini ndoo yenyewe haijasema hivyo."

Watu walicheka, lakini kidogo, maana nao walikuwa na kiu. Ikafika saa sita. Ikafika saa saba. Hakuna aliyechota. Jasho lilimtiririka Mwenyekiti mpaka kwenye taulo. Mwishowe akanisogelea.

"Mama Sia. Yule binti yuko wapi?"

"Huyu hapa."

Sia akatoka nyuma yangu na ndoo yake mkononi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, hebu chukua brashi, wawekee watu alama zao. Anza na yule, yule wangu."

"Yupi, baba?"

Mwenyekiti akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Mjusi."

"Siwezi, baba. Kifungu cha pili. Sina shahada."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Wewe uliagiza, mimi nikachapa," nikasema. "Muhtasari ninao."

Akachungulia upande ambao mgeni angetokea. Kwa mbali vumbi lilianza kuonekana kwenye barabara ya Masasi.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "kanda hii ina upungufu wa wataalamu wa Sanaa na Usanifu."

"Naandika?"

"Andika. Upungufu mkubwa."

Nikafungua mkoba, nikapindua ndoo yetu, nikaweka fomu juu ya kitako chake. Mwenyekiti akaweka sahihi. Kabla wino haujakauka nikabonyeza muhuri kwenye kidau, nikaugonga, nikampa Sia. Akakimbia nayo steshenari, kandambili moja ikabaki njiani. Saa nane kasoro kumi akanipigia simu: mfumo umeipokea.

"Vizuri," alisema Mwenyekiti. "Sasa arudi amchore mjusi."

"Atarudi baada ya miaka mitatu, Mwenyekiti. Ndiyo kwanza tumempeleka akasome. Mtaalamu bado hatuna, na waraka una sahihi yako."

Alifikiri kufuta waraka. Nikamkumbusha kwamba kufuta kunahitaji kikao, na kikao ni Jumanne.

Basi akafanya jambo la busara pekee lililobaki. Akaivuta ndoo ya tatu akaikalia, ili isipotee tena. Watu walipoona, kila mtu akakalia iliyo karibu naye. Bi Swaumu akahesabu waliokaa, akaridhika, akafungua bomba.

Hivyo ndivyo mgeni alivyotukuta: Mwenyekiti hajaoga, ana taulo, amekaa juu ya ndoo katikati ya wananchi wake. Mgeni alishuka garini, akamtazama kuanzia taulo hadi kandambili. Kisha akasema kwamba kwa miaka ishirini ya utumishi hajawahi kuona uongozi ulio karibu na watu kiasi hiki, na akaagiza uwe wa kudumu. Kila Jumanne na Ijumaa Mwenyekiti akae foleni na ndoo yake, mwenyewe, bila kutuma mtu.

"Katibu, umeandika?" akaniuliza.

Waraka Namba Tano niliuandika kwa mkono palepale, juu ya ndoo ileile. Muhuri ulikuwa bado na wino.