Walinzi Watatu, Kompyuta Moja

Napenda kuutangazia umma kwamba kompyuta ya nyumbani kwangu, ile iliyo sebuleni chini ya picha yangu nikipeana mkono na kiongozi, ilikuwa ndiyo inayolindwa kuliko zote mtaani. Sisemi ilikuwa inafanya kazi. Kufanya kazi ni suala la kiufundi. Nasema ilikuwa inalindwa.

Mimi ni Mkurugenzi Msaidizi katika Idara ya Kuratibu Walinzi. Jengo letu lina geti moja, na geti hilo lina idara tatu. Kuna Idara ya Ulinzi, inayokaa getini. Kuna Idara ya Usalama, inayowatazama wanaokaa getini. Halafu tupo sisi, tunaohakikisha hizo mbili hazipigani. Zinapigana kila siku, na ndiyo maana bado tupo.

Kwa uzoefu huo, sikuona ajabu kompyuta yangu kuwa na programu tatu za ulinzi. Ya kwanza, Jicho, alikuja na mashine yenyewe kutoka dukani. Sikumwamini. Mtu anayefanya kazi bila kuombwa ana lake jambo. Nikamleta Ngao, kwa flashi niliyopewa na dereva wa mkurugenzi wetu, mtu anayejua mengi kwa sababu anasikia mengi. Baada ya hapo mashine ikawa nzito. Nikashuku kuna adui kaingia, nikamleta na Komeo awachunguze wote wawili. Mashine ikazidi kuwa nzito, jambo lililothibitisha kwamba shaka yangu ilikuwa na msingi.

"Baba Watoto," mke wangu akaniambia, "zamani nilikuwa naiwasha hii, naosha kikombe kimoja, nikirudi imeshawaka. Siku hizi naiwasha, naenda sokoni, narudi, nabandika sufuria, bado inazunguka tu."

"Inajiridhisha," nikamweleza.

"Inajiridhisha na nini?"

"Kwamba wewe ndiye wewe."

"Nimeolewa humu miaka yote hii, hata mama yako hakunichunguza hivyo."

Nikaliacha suala la mama yangu kwa kuwa halikuwa kwenye ajenda.

Basi, wiki hiyohiyo binti yetu akapata barua ya kuitwa kwenye usaili wa kazi. Hapa naomba msomaji anielewe. Mtoto huyu ana miaka miwili tangu amalize chuo. Ameomba kazi mpaka akawa anawafahamu kwa sauti wapokea simu wa ofisi mbalimbali. Hii ndiyo barua ya kwanza iliyorudi ikisema njoo. Usaili ungefanyika Jumatatu asubuhi kwa video, na walisisitiza iwe kompyuta, kwa sababu mtihani ungefanyiwa humohumo kwenye skrini. Kazi yenyewe ilikuwa katika Ofisi ya Ukaguzi wa Majukumu, ile inayotafuta idara zinazofanya kazi moja ili zipunguzwe.

"Kazi nzuri sana," nikamwambia. "Nchi imejaa idara zinazofanya kazi moja." Nikamtajia mbili papo hapo, zote za getini kwetu.

Ijumaa akajaribu kamera. Jicho akaandika kwenye skrini kwamba kamera imeombwa na anaifungua. Ngao akaandika kwamba kuna mtu anafungua kamera bila kibali, amemzuia. Komeo akaandika kwamba Ngao anamzuia mwenzake, tabia ya kutiliwa shaka, naye amemzuia Ngao. Kamera ikabaki giza totoro.

"Unaona?" nikasema. "Hakuna aliyelala."

"Baba, hawa hawawezi kukaa pamoja. Kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwizi. Tuondoe wawili, abaki mmoja."

"Umfukuze mlinzi kwa kosa la kulinda? Kesho nani atakubali kulinda?"

Badala yake nikaunda Kamati ya Upatanisho. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Katibu nilikuwa mimi. Mjumbe alikuwa mke wangu, aliyetoa udhuru kutoka jikoni kwamba ana vitunguu vinaungua. Kamati ikagawa maeneo: Jicho alinde picha, Ngao alinde barua, Komeo alinde vilivyobaki. Nikawasomea uamuzi huo kwa sauti, nikiwa nimeielekea skrini. Hakuna aliyepinga.

Jumamosi ndipo mafanikio yalipoanza kumiminika. Ngao akatangaza amekamata mhalifu. Punde Jicho akatangaza amekamata mhalifu. Ngao tena, Jicho tena. Kufikia jioni wahalifu waliokamatwa walikuwa wamevuka elfu nne. Nakiri nilisisimka. Getini kwetu mwaka mzima tulikamata mtu mmoja tu, naye alikuwa fundi wa mabomba tuliyemwita wenyewe. Nikampigia simu mkurugenzi nyumbani kwake. Akasema, "Hizo takwimu ziandike vizuri, zitatufaa." Nikaziandika vizuri.

Jumapili binti akakaa mbele ya mashine kutwa. Alifungua kile chumba ambacho kila programu huwafungia wahalifu wake, wenyewe wanakiita karantini. Akaniita.

"Baba, hawa elfu nne ni mmoja."

"Mmoja kivipi?"

"Ni kirusi kimoja. Ngao kamkamata, kamfungia kwake. Jicho kapita doria, kamwona mhalifu ndani ya nyumba ya Ngao, kamchukua, kamfungia kwake. Ngao naye kapita, kamkuta kwa Jicho. Basi ndiyo hivyo, wanapokonyana mfungwa mmoja tangu jana. Mashine itapata wapi nguvu ya kufanya kazi nyingine?"

"Huyo mmoja aliingiaje?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

"Kwa flashi ileile aliyokuja nayo Ngao."

"Flashi ya nani?" akauliza, na anajua fika.

Nikajibu kwamba suala la flashi liko chini ya uchunguzi, hivyo si busara kulizungumzia.

Jumatatu ikafika. Binti alikuwa amevaa blauzi nyeupe iliyonyooshwa, nywele amesuka tangu juzi. Akawasha mashine mapema sana. Ikazunguka. Walinzi wakaanza kuulizana vibali. Komeo akataka mashine izimwe na kuwashwa upya. Ngao akakataa isizimwe. Jicho akaomba radhi kwa usumbufu. Muda ulikuwa unayoyoma, na mtoto akanigeukia macho yamejaa.

"Baba, miaka miwili. Nakuomba tu uniruhusu."

Niliumia, sitaficha. Lakini utaratibu ni utaratibu. Nikamweleza kwa upole kwamba kamati haijafunga kikao chake, na kwamba uamuzi wa kumwondoa mlinzi unahitaji akidi.

Mke wangu akatoka jikoni mikono ina povu. "Akidi hii hapa," akasema. "Halafu Baba Watoto, kuna mgeni wako getini, amevaa suti."

Mtu wa suti haachwi kusimama nje. Nikatoka. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, hapakuwa na mtu ila jirani anaanika shuka. Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikaenda kusimama dirishani, kwa nia ya kusimamia zoezi.

"Anasemaje?" nikamsikia mke wangu.

"Anauliza, una uhakika unataka kumwondoa Ngao?"

"Mwambie ndiyo."

"Anauliza tena kama nina uhakika."

"Mwambie tuna uhakika tangu mwezi jana. Na huyo Komeo asije akatuuliza maswali, aende tu."

Mashine ikazimwa. Nikashika nondo za dirisha. Kisha nikasikia ule mlio wake wa kuamka, ambao kwa kweli nilikuwa nimeshausahau, na sauti ya mwanamume mgeni ikasema anamwona vizuri na anamsikia vizuri. Mke wangu akaegemea ukuta, akajifuta uso na kanga.

Walimfanyisha mtihani, wakamuuliza hili na lile. Mwisho yule mwanamume akamwambia, "Tueleze mgogoro mmoja wa majukumu uliowahi kuusuluhisha."

 Binti akawasimulia wote: Jicho, Ngao, Komeo, kamati, elfu nne ambao ni mmoja. Jopo zima likacheka mpaka kikohozi. Akaulizwa amejifunza nini.

"Nimejifunza kwamba mlinzi mmoja anatosha kwa mashine moja," akasema. "Na kabla hujaamini takwimu za mtu, fungua jela yake uhesabu wafungwa."

Sikujua mtoto wangu anaweza kuongea namna ile. Nilisimama pale dirishani, chozi linanitoka, natabasamu peke yangu, mpaka jirani akaacha shuka zake akaniuliza kama kuna msiba.

Alipata kazi. Tulifurahi, tukala, nikatoa hotuba.

Hazikupita siku nyingi, wakaguzi wa ofisi yake wakaja jengoni kwetu. Binti hakuwemo. Alikuwa amewaambia wakubwa zake kwamba baba yake yumo humo, asingeweza kumkagua. Nikaupongeza uadilifu wake, huku nikiamini kwamba angalau atakuwa ametuachia neno zuri.

Mkaguzi mkuu alikuwa mtu mtaratibu. Akauliza mageti ni mangapi. Akajibiwa ni moja. Akauliza idara ni ngapi. Akajibiwa. Ndipo mkurugenzi wetu akakohoa kwa heshima na kumwekea mezani taarifa yetu ya mwaka, yenye jalada la bluu, iliyosema kwamba kwa uratibu mahiri geti limekamata wahalifu zaidi ya elfu nne.

Ile sauti nilikuwa nimeshaisikia dirishani kwangu, nikaitambua mkaguzi aliposema, "Elfu nne. Hawa nadhani nawafahamu." Akafunga jalada taratibu. "Naomba kuona wafungwa."

Tulikuwa na jina la fundi wa mabomba.

"Mkurugenzi, una uhakika takwimu hizi ni zako?"

"Hapana," akasema mkurugenzi bila kusita. "Ni za Mkurugenzi Msaidizi."

Idara iliyobaki ni ile inayokaa getini. Nyingine mbili zimeondolewa, na mkurugenzi naye kaondoka nazo, maana hata yeye hakuwa anakaa getini.

Nilirudi nyumbani na maboksi ya mafaili. Nikaitisha kikao sebuleni, nikatangaza kwamba uzoefu wangu wote sasa ni mali ya familia, na kwamba naanzisha Idara ya Kuratibu Nyumba.

"Nyumba hii ina mlinzi," mke wangu akasema.

"Nani?"

"Mimi. Niko humu tangu tofali la kwanza. Ila wewe humwamini anayefanya kazi bila kuombwa."

Nikamtazama binti anitetee. Akayabeba maboksi yangu mpaka stoo, kule nyuma, akaniwekea meza ndogo na kiti. "Baba," akasema, na nilimwona anang'ata midomo asicheke, "kuna vitu mtu hawezi kuvifuta, na haiwezekani kuviacha vizunguke ovyo kwenye mfumo."

Nikakikumbuka kile chumba cha karantini, nikakaa kwenye kiti.

Ni chumba kizuri. Hakina mgongano wa majukumu. Ndimo ninamoandikia taarifa hii. Jana baada ya chakula mke wangu akagonga mlango, nikamuuliza kama naweza kutoka.

"Una uhakika?" akauliza.

"Ndiyo."

"Una uhakika kabisa?"

"Ndiyo, Mama Watoto."

"Haya toka. Vyombo viko kwenye karai."

Nikatoka. Nikapita sebuleni, nikaiwasha kompyuta, nikaenda jikoni kuosha kikombe. Kabla sijakisuuza, ilikuwa imeshawaka. Nimeliingiza hilo kwenye taarifa kama mafanikio ya idara yangu.